Thori Ikiwa Kioo, Thori Ikiwa Vumbi

Mazungumzo haya yanahusu lenzi za kamera za zamani, zile nzito za chuma na kioo zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1940 na miaka ya 1970. Kwa muda mrefu zilikaa makabatini zikipigwa vumbi, kamera zake za filamu zikiwa zimeachwa. Zilipokuja kamera za dijitali zisizo na kioo cha kuakisi ndani, ambazo kwa pete ndogo ya kuunganishia hupokea karibu lenzi yoyote ya zamani, wapigapicha vijana walizirudia. Ni nafuu, ni imara, na picha zake zina ulaini ambao wengi hawauoni katika lenzi mpya. Pamoja na mapenzi hayo imeenea hofu. Inasemwa kwamba baadhi ya lenzi hizo hutoa mionzi ya nyuklia, na zipo video nyingi ambamo mtu husogeza kipima mionzi karibu na kioo, chombo kikaanza kutatarika. Anayetazama hubaki akijiuliza kama kitu anachokiweka kila siku mbele ya uso wake kitamletea saratani. Niseme tangu mwanzo ninaloamini, kisha nilitolee ushahidi. Mionzi hiyo ipo kweli, lakini mpigapicha hana sababu ya kuiogopa lenzi iliyo nzima. Wa kuangaliwa zaidi ni mtu mwingine, yule ambaye dutu hiyohiyo humfikia ikiwa vumbi.

Kwanza tumtambue mhusika, kwa sababu mara nyingi lawama humwangukia asiyestahili. Watengeneza lenzi walikuwa na tatizo la zamani: walihitaji kioo kinachopinda mwanga sana lakini bila kuzitawanya rangi zake. Kioo cha kawaida kikiongezewa nguvu ya kupinda mwanga, huongeza pia kutawanya rangi, na picha ikatoka na kingo zenye zambarau na kijani. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi wa Marekani George W. Morey aligundua kwamba oksidi za madini adimu, hasa lanthani, hukipa kioo sifa hizo mbili kwa pamoja, na kampuni ya Kodak ikaichukua kazi hiyo. Ikaonekana pia kwamba oksidi ya thori hufanya kazi hiyo vizuri sana. Kwa hiyo vioo vingi vilivyoitwa vya madini adimu vilikuwa na thori ndani yake, wakati mwingine thori ikifika asilimia 30 ya uzito wa kioo au hata zaidi. Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Thori si miongoni mwa madini adimu, ingawa hukaa nayo katika miamba ileile. Lanthani asilia nayo ina chembe kidogo ya mionzi, lakini katika gramu moja yake haivunjiki hata atomi moja kwa sekunde, ilhali katika gramu moja ya thori huvunjika atomi takriban 4,000 kwa sekunde, bila kuhesabu zile za elementi ambazo thori huzizaa ikivunjika. Lenzi ya kisasa yenye lanthani peke yake haina la kuzungumzwa, na mtu akikwambia kwamba kila lenzi ya madini adimu ni ya mionzi, amekosea.

Zenye thori zinajulikana. Aero-Ektar ya Kodak, ya milimita 178, ilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya ndege za Marekani zilizopiga picha za ardhi kutoka angani, na kitundu chake kipana kiliziwezesha kupiga picha hata usiku. Super-Takumar ya milimita 50 ya kampuni ya Asahi ya Japani, iliyouzwa pamoja na kamera za Pentax, huenda ndiyo inayopatikana kwa urahisi kuliko zote. Canon walikuwa nazo, na Leitz wa Wetzlar, Ujerumani, waliitumia thori katika Summicron za mwanzo. Miaka zaidi ya 50 iliyopita tangu nyingi kati ya hizo zitoke kiwandani haikupunguza kitu, kwa sababu thori huchukua miaka bilioni 14 nusu yake kuvunjika. Na ikivunjika haitulii mara moja. Hupita hatua kumi, ikizaa radi, gesi ya radoni na nyinginezo, mpaka iishie kuwa risasi isiyo na mionzi. Katika safari hiyo hutoa aina tatu za mionzi: alfa, ambayo ni mizito na huzuiwa na karatasi au na ngozi ya juu iliyokufa, beta, ambayo huzuiwa na milimita chache za kioo au chuma, na gama, ambayo hupenya mbali. Kioo chenyewe ndicho kinachopokea kipigo kikubwa, ndiyo maana lenzi hizi huwa za manjano, nyingine zikifikia rangi ya chai. Mionzi huzing'oa elektroni zikanaswa mahali pasipo pake ndani ya kioo. Mwanga wa jua, ule wa urujuanimno, huzirudisha, na lenzi iliyoanikwa dirishani kwa siku au wiki kadhaa hurudi kuwa nyeupe au karibu na nyeupe.

Sasa tupime. Mionzi kuwepo ni jambo moja, na kiasi chake ni jambo lingine, na ni kwa kiasi tu ndipo mtu anaweza kusema kitu hiki kina madhara au hakina. Mwaka 2001 Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani ilitoa tathmini ndefu ya bidhaa zenye mionzi zilizoruhusiwa mikononi mwa raia, na lenzi za kamera zilikuwamo. Wataalamu walimchukua mpigapicha anayebeba lenzi yake saa 6 kwa siku, siku 30 kwa mwaka. Kwa lenzi yenye thori ya wastani walikadiria kwamba mwili wake ungepokea kama 0.007 ya milisiverti, kipimo cha athari ya mionzi mwilini, kwa mwaka. Kwa lenzi yenye thori nyingi kuliko zote zilizoruhusiwa, walikadiria kama 0.02. Namba hizi hazina maana mpaka ziwekwe kando ya nyingine. Mwanadamu wa kawaida hupokea kutoka ardhini, angani, katika hewa na katika chakula wastani wa milisiverti 2.4 kila mwaka, bila kugusa kamera. Gawanya kwa siku 365 utaona kwamba lenzi ya wastani humwongezea mtu huyo, kwa mwaka mzima, takriban kile anachokipokea kwa siku moja tu ya kuishi duniani. Ile kali kuliko zote humwongezea siku tatu. Potasi iliyomo ndani ya misuli yetu wenyewe, ambayo hatuwezi kuishi bila hiyo, hutupa takriban 0.17 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara nane ya lenzi hiyo kali.

Lipo pingamizi ambalo halifai kupuuzwa, kwa sababu limejengwa juu ya vipimo vya kweli. Ukikigusisha kipimio kwenye kioo chenyewe cha lenzi kali, kinaweza kukuonesha kiasi kinachokaribia 0.1 ya milisiverti kwa saa. Kiwango kilichowekwa kimataifa kwa raia, nje ya mionzi ya asili na ya matibabu, ni milisiverti 1 kwa mwaka. Mtu akipiga hesabu ya harakaharaka atasema kwamba saa kumi tu na lenzi hiyo zimekwisha kumfikisha ukomo. Hesabu ni sahihi kwa tarakimu, lakini imekosea mahali. Kile kinachopimwa juu ya kioo kimejaa beta, na pengine alfa, ambazo zitafika kwenye ngozi ya kidole kikigusa kioo wala hazitafika kwenye ini, mapafu au uboho. Tena vipimio vingi vya bei nafuu vimesawazishwa kwa kutumia gama ya elementi iitwayo sizi. Vikipigwa na beta kwa karibu hivyo, huzihesabu kana kwamba zote ni gama zilizopenya mwili mzima, na namba inayotokea kwenye skrini yake huwa kubwa kuliko dhara. Halafu kuna umbali. Mionzi hutawanyika kila upande, na hatua chache huipunguza kwa kasi: kwenye umbali wa kama mita moja kutoka kwenye lenzi, ni vigumu kuitofautisha na ile ya asili iliyopo chumbani. Sauti ya kipimio ni ushahidi kwamba kuna thori. Haituambii ni kiasi gani kimeingia mwilini, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Mwingine atauliza: je, wataalamu wa kinga hawasemi kwamba hakuna kiasi cha mionzi kisicho na hatari? Ndivyo wanavyofanya kazi, na naona wako sahihi kufanya hivyo. Kanuni za kinga duniani hudhani kwamba hatari hupungua kadiri mionzi inavyopungua, bila kufika sifuri. Basi tuikubali dhana hiyo bila kupunguza kitu, tuone inatufikisha wapi. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi hukadiria madhara ya takriban asilimia 5 kwa kila siverti moja. Kwa 0.02 ya milisiverti, hiyo ni nafasi moja hivi katika milioni kwa mwaka mmoja wa kutumia lenzi kali kuliko zote, wakati mtu mmoja kati ya watano duniani hupata saratani katika uhai wake kwa sababu nyinginezo. Tume hiyohiyo inaonya tusichukue makadirio madogo kama haya tukayazidisha kwa mamilioni ya watu na kutangaza idadi ya vifo. Upo pia ushahidi wa watu hai. Katika pwani ya Kerala, India, mchanga una monazaiti yenye thori nyingi, na wakazi wa Karunagappally hupokea, wengine wao, mara kadhaa ya wastani wa dunia kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia watu zaidi ya 69,000 kwa miaka zaidi ya kumi, na haukuona ongezeko la saratani linalotokana na mionzi hiyo. Utafiti mmoja hauthibitishi kwamba hatari haipo kabisa, wala sisemi hivyo. Lakini unatosha kumwonesha mtu mwenye lenzi moja au mbili jinsi kiasi chake kilivyo kidogo.

Nikiishia hapa nitakuwa nimesema nusu ya jambo, na nusu hiyo ingeweza kuwadhuru watu. Thori si dutu ya kuchezewa. Kuanzia karibu mwaka 1930 madaktari wa Ulaya, Marekani na Japani waliwadunga wagonjwa dawa iliyoitwa Thorotrast, ambayo ilikuwa oksidi ya thori katika kimiminika, ili mishipa ya damu ionekane vizuri katika picha za eksirei. Picha zilitoka safi ajabu na mgonjwa hakulalamika. Lakini mwili haukuweza kuitoa. Ilikwenda kukaa katika ini, wengu na uboho, na huko ikaendelea kutoa alfa kila sekunde, usiku na mchana, katika chembehai zisizo na ngozi ya kuzikinga. Baada ya miaka 20 au 30 wagonjwa walianza kufa kwa saratani za ini, baadhi yake za aina ambayo kwa kawaida ni nadra mno. Waliofuatiliwa Ujerumani, Denmark, Ureno na Japani walitoa jibu lilelile. Alfa ile inayozuiwa na karatasi, ikianzia ndani ya mwili haina cha kuizuia. Kwa hiyo kinachoamua ni njia: thori imefika wapi, kwa umbo gani, na itakaa huko muda gani. Katika lenzi imeyeyushwa pamoja na kioo. Haimumunyiki kwa jasho wala kwa mvua. Hata gesi yake ya radoni, ambayo nusu yake huvunjika ndani ya dakika isiyotimia, huishia ndani ya kioo kabla ya kupata njia ya kutoka.

Afrika Mashariki tumeishi na thori kwa namna nyingine, wala haikuzua hofu. Taa ya karabai, iliyomulika maharusi, maduka na misiba, na iliyowawezesha wavuvi wa dagaa kufanya kazi usiku katika Ziwa Tanganyika, Ziwa Viktoria na huku baharini, ilipata weupe wake kutoka kwa kile kimfuko cha kitambaa kinachofungwa juu ya mdomo wa gesi. Carl Auer von Welsbach wa Austria ndiye aliyegundua mwaka 1891 kwamba oksidi ya thori kwa asilimia 99, pamoja na seri kwa asilimia 1, huwaka kwa mwanga mkali sana. Kikiwashwa mara ya kwanza kitambaa huungua, na kinachobaki kikining'inia ni ganda la oksidi hiyo, jepesi kiasi kwamba likiguswa linasambaratika. Siku hizi watengenezaji wengi wamebadili na kutumia itri, lakini kwa karibu karne nzima ilikuwa ni thori. Sasa linganisha. Lenzi ina thori nyingi kuliko kimfuko kile, na kipimio kitalia zaidi kwenye lenzi. Lakini aliyelipuliza jivu jeupe la karabai ili afunge kimfuko kipya, akavuta pumzi palepale, alijipatia nafasi ya kuingiza thori mapafuni ambayo mpigapicha hawezi kuipata hata akiibeba lenzi yake maisha yake yote. Chombo kinacholia kwa sauti ndogo ndicho kilichokuwa na njia ya kuingia mwilini.

Ndiyo maana, katika habari hii ya lenzi, ninayemfikiria sana ni fundi kamera. Pwani yetu ina unyevu, na lenzi iliyofungiwa ndani ya begi huota ukungu unaotambaa kama utando na hatimaye kuula uso wa kioo. Kuufuta kwa kitambaa na dawa ya kusafishia hakuna neno. Lakini ukungu ukishakula kioo, hushawishi mtu akisugue kwa unga wa kung'arishia mpaka alama zitoke, na hapo kile kioo kilichoifunga thori kinarudishwa kuwa unga, mezani, kwenye vidole na katika pumzi ya fundi. Sheria ya Marekani, ambayo kwa upande mwingine iliwaachia raia lenzi yenye thori mpaka asilimia 30 bila kibali chochote, ilitaja wazi kwamba ruhusa hiyo haihusu kukata, kusaga wala kung'arisha kioo hicho. Na haikuhusu miwani, lenzi za kuvaa jichoni wala vioo vya kuchungulia vya darubini, kwa kuwa jicho halina ngozi nene ya kulikinga na huko hukaa karibu na kioo kwa muda mrefu. Mwaka 2013 kiwango kikashushwa mpaka asilimia 10 kwa lenzi mpya. Naiona sheria hiyo kuwa ya busara, kwa sababu haikuuliza kama mionzi ipo, iliuliza mtu atakutana nayo vipi. Wanaozing'oa lenzi za vyombo vya kale, hasa vya kijeshi, na kuzigeuza kuwa vioo vya kuchungulia au vya kukuzia maandishi wanaivunja tahadhari hiyo bila kujua.

Kwa mwenye lenzi ya aina hii nyumbani, mambo ya kufanya ni machache. Aitumie. Akimaliza aiweke rafuni au kabatini, si kitandani wala kwenye kiti anachokalia siku nzima, hasa kama amekusanya nyingi. Watoto wasipewe kuchezea, na hilo lingefaa hata kama kioo hakina thori. Ikianguka ikavunjika, asifagie kwa ufagio mkavu: aloweshe kitambaa, akusanye vipande na unga wote kwa unyevu, afunge ndani ya mfuko, kisha anawe mikono. Kioo kilichokwaruzika akiache na mikwaruzo yake au anunue lenzi nyingine. Anayetaka kuzitupa nyingi kwa pamoja, au fundi mwenye sanduku la vioo vya zamani asivyojua asili yake, ana mahali pa kuuliza: Tanzania ipo Tume ya Nguvu za Atomiki, na Kenya ipo Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, ambazo kupima vitu vya namna hii ni sehemu ya kazi zake.

Hoja hii inatutoa kwenye kamera na kutupeleka machimboni, na huko nadhani tunapaswa kukaza macho zaidi. Thori haikuanzia ndani ya lenzi. Ilichimbwa, ikapondwa, ikachujwa, na waliovuta vumbi lake walikuwa wachimbaji na wafanyakazi wa viwanda kabla mpigapicha wa kwanza hajaishika. Leo dunia inayataka madini adimu kuliko wakati wowote, kwa ajili ya sumaku za magari ya umeme na za mitambo ya upepo, na thori haitakiwi tena katika kioo, kwa hiyo hubaki kwenye taka. Mlima Mrima katika kaunti ya Kwale, ambako upo msitu wa kaya wa Wadigo, una madini adimu na niobi, na una thori kiasi kwamba mionzi yake ya asili imejulikana kwa watafiti kwa miaka mingi. Gakara huko Burundi kumechimbwa madini adimu. Ngualla, mkoani Songwe, kuna hazina inayosubiri, nayo husifiwa kwa kuwa na thori kidogo. Kila mwamba una kiasi chake, na kiasi hicho hupimika kabla ya kuchimba. Thori iliyolala ndani ya mwamba ni salama kwa sababu ileile inayoifanya salama ndani ya lenzi: imefungwa. Ikisagwa inakuwa vumbi na tope, na wakazi wa jirani wanayo haki ya kuambiwa mapema, kwa namba na kwa lugha wanayoielewa, tope hilo litahifadhiwa wapi, kwa ukuta wa namna gani, nani atapima maji ya visima, na kampuni ikishaondoka nani atabaki analipia ulinzi wake.